Parishi ya Clapham na Umbali Wake

Msafiri wa zamani za farasi aliyevuka Daraja la London akaelekea kusini-magharibi, kwa njia ambayo sehemu yake ilitandazwa na Warumi ili majeshi yao yapate kufika Chichester, alikuwa akiwasili, baada ya mwendo wa maili nne hivi, mahali palipoinuka kidogo juu ya bonde la Mto Thames, penye hewa nyepesi, na mbele yake akauona uwanda mpana wa majani na vichaka ambao haukuwa konde la mkulima mmoja bali malisho ya mifugo ya jirani wote. Mahali hapo ni Clapham, na uwanda huo ni Clapham Common. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu parishi iliyokua pembezoni mwa uwanda huo: jinsi ilivyokuwa kijiji cha jimbo la Surrey, ikawa maskani ya matajiri, kisha makazi ya makarani, na hatimaye ikamezwa na London, hata mgeni anayeshuka leo katika stesheni yake ya reli ya chini ya ardhi hana alama ya kumwonyesha mji ulipokoma na kijiji kilipoanza.

Yafaa kwanza tufahamiane juu ya parishi yenyewe. Katika Uingereza ya kale parishi haikuwa jamaa ya waumini peke yao. Ilikuwa ndiyo serikali ya kwanza, na aghalabu ya pekee, ambayo mtu wa kawaida aliijua kwa macho yake. Baraza lake, lililokutana kanisani mbele ya kasisi na wazee wa kanisa, ndilo lililotoza kodi ya kuwakimu maskini kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1601, ndilo lililotengeneza njia, na ndilo lililoamua kama mjane fulani ni wao na anastahiki posho, au ni wa parishi ya pili na sharti arejeshwe alikotoka. Kwa sababu hiyo mpaka wa parishi ulikuwa jambo zito, na watu walikuwa tayari kuupigania. Mwaka 1716 watu wa Battersea, parishi jirani ambayo nayo ilidai upande wa magharibi wa uwanda ule, walichimba mfereji na kuinua tuta ili mifugo ya Clapham isivuke. Watu wa Clapham wakaja wakaufukia. Kesi ikapelekwa mahakamani, na Battersea wakarudi mikono mitupu. Nawaomba muukumbuke mpaka huo, kwa maana tutaukuta tena, na mara zote utakuwa umesahauliwa na wale ambao ungewapasa kuukumbuka.

Clapham imeandikwa katika ile hesabu kubwa ya milki iliyoamriwa na Mfalme William, ambayo Waingereza huiita Domesday Book, mwaka 1086, wakati ardhi yake ilipokuwa mikononi mwa Geoffrey de Mandeville, mmoja wa makabaila waliovuka bahari pamoja na mfalme huyo kutoka Normandy. Kanisa lake la kale lilisimama kaskazini ya uwanda, pale ambapo leo pana Kanisa la St Paul, na kwa karne nyingi mambo yake yalikuwa ni kulima, kubatiza na kuzika.

Kilichoibadili parishi hii ni hofu. Tauni ilipoishambulia London mwaka 1665, na mwaka uliofuata moto ulipouteketeza mji ule wa mbao, wafanyabiashara wenye uwezo walianza kutazama nje, wakitafuta mahali ambapo mtu angeweza kulala salama na bado akaenda kazini. Maili nne zilikuwa kipimo barabara: karibu kiasi cha gari la farasi kumfikisha tajiri kwenye daftari zake asubuhi, mbali kiasi cha moshi na uvundo wa mji kutomfuata jioni. Mmoja wa waliohamia alikuwa William Hewer, aliyeanza maisha yake akiwa karani wa Samuel Pepys katika ofisi ya manowari za mfalme, akapanda daraja na kutajirika kuliko bwana wake. Na bwana huyo alipozeeka na kuugua, karani wa zamani ndiye aliyemkaribisha nyumbani kwake Clapham, akamtunza kwa heshima hata alipofariki mwaka 1703. Pepys ndiye yule mwandishi wa shajara ambayo kwayo tunaujua moto wa London karibu saa kwa saa, na kwamba yeye, mtu wa mji hata kwenye mifupa, alikata roho katika kijiji cha Surrey, ni ushahidi wa kutosha kwamba viunga vya London vilikuwa vimezaliwa.

Karne ya kumi na nane ilipofika katikati yake, kanisa la kale lilikuwa limechakaa, tena halikuwatosha watu wala halikulingana na hadhi yao. Bunge likapitisha sheria mwaka 1774 ya kujenga jipya, na kati ya mwaka huo na 1776 likajengwa Kanisa la Holy Trinity, si juu ya misingi ya zamani bali nje penye uwanda wenyewe, kwa ramani ya Kenton Couse. Ni jengo la matofali, la mraba mrefu, lenye madirisha makubwa, roshani pande tatu na mnara mdogo wa kengele. Halina kiza wala mapambo ya makanisa ya zama za kati, kwa sababu waliolijenga walitaka kumsikia mhubiri zaidi ya walivyotaka kustaajabia nguzo. Viti vilikuwa vya kukodi, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile, na aliyetaka kujua cheo cha mtu katika parishi alitazama tu amekaa wapi siku ya Jumapili. Wako wanaosema kwamba jengo hilo ni kavu. Mimi naliona kuwa la kweli: linafanana na watu waliolilipia.

Na watu hao sharti tuwatazame kwa utulivu, maana ndio walioifanya parishi hii ndogo ijulikane ulimwenguni. Wa kwanza alikuwa John Thornton, mfanyabiashara aliyetajirika kwa biashara ya Urusi, mkazi wa upande wa kusini wa uwanda, ambaye alitumia sehemu ya mali yake kununua haki za kuteua makasisi katika parishi mbalimbali za Uingereza. Kwa sheria ya nchi ile haki hiyo ilikuwa mali inayouzika kama shamba, naye akaitumia ili mimbari zishikwe na wahubiri wenye bidii. Kabla ya hapo, tangu 1754 hata 1759, Henry Venn alikuwa kasisi msaidizi hapo, akahubiri kwa ghera kubwa, akaona matunda haba, akaondoka kwenda Huddersfield. Lakini mwaka ule wa kuondoka alikuwa amepata mtoto, John, na mtoto huyo alirejea Clapham mwaka 1792 akiwa kasisi mkuu wa parishi aliyozaliwa, akakaa hata alipofariki mwaka 1813.

Mwaka uleule wa 1792 Henry Thornton, mwana wa yule tajiri, mwenye benki na mbunge wa Southwark, alinunua nyumba iliyoitwa Battersea Rise House, akaipanua, akamchukua rafiki yake William Wilberforce, mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, aishi naye. Kwa jirani zao wakaja kukaa wengine: Charles Grant na John Shore waliorudi kutoka Bara Hindi, James Stephen aliyeuona utumwa wa visiwa vya Karibi kwa macho yake mwenyewe, na Zachary Macaulay ambaye katika ujana wake alikuwa msimamizi wa shamba la watumwa Jamaica, akajuta, kisha akawa gavana wa Sierra Leone. Walioana familia kwa familia, walikula pamoja, walifika bila ya hodi katika bustani za wenzao, na mipango iliyowashughulisha Wabunge mjini Westminster aghalabu ilikuwa imekwisha kupikwa katika maktaba ya Thornton. Inasemwa juu ya Thornton kwamba kabla ya kuoa alikuwa akitoa sadaka sehemu sita kwa saba za mapato yake; na hata tukipunguza kidogo kwa ajili ya mapenzi ya wasimuliaji, bado ni mtu wa nadra kati ya wenye benki.

Hapa ndipo tunapoukuta tena ule mpaka. Battersea Rise House, kama jina linavyoshuhudia, haikuwa katika parishi ya Clapham hata kidogo. Ilikuwa ng'ambo ya mpaka, Battersea. Wilberforce alipooa mwaka 1797 akahamia nyumba yake, nayo ilikuwa upande huohuo. Hata hivyo Jumapili wote walivuka uwanda kwenda Holy Trinity kumsikiliza Venn, na historia imewaandika wote kuwa watu wa Clapham. Parishi iliyoshinda kesi ya mfereji mwaka 1716 ilishinda na hii pia, bila ya wakili.

Kazi yao kubwa inajulikana. Hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, ambayo mwaka 1791 iliangushwa katika Bunge kwa kura 163 dhidi ya 88, ilipita mwaka 1807 kwa kura 283 dhidi ya 16. Na mwaka 1833, Wilberforce akiwa kitandani mwa mauti, Bunge likapitisha sheria ya kuukomesha utumwa wenyewe katika makoloni mengi ya Uingereza, na wenye watumwa wakalipwa fidia ya pauni milioni 20, ilhali waliotumikishwa hawakulipwa senti. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kuzipima tarehe hizo kwa mizani yetu, kwa kuwa sheria ya 1807 iliwafunga Waingereza, haikuwafunga wafanyabiashara wa bahari yetu, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, kwa mkataba aliotia sahihi Sultani Sayyid Barghash chini ya vitisho vya manowari za Kiingereza.

Lakini kamba nyingine inayotuunganisha na Clapham ni fupi zaidi. Mwezi wa Aprili mwaka 1799 ilianzishwa katika nyumba ya wageni mjini London jumuiya ya wamisionari ambayo baadaye ilikuja kuitwa Church Missionary Society, na aliyekalia kiti siku ile alikuwa John Venn, kasisi wa Clapham. Mwanawe, Henry Venn wa pili, aliyezaliwa Clapham mwaka 1796, aliiongoza jumuiya hiyo akiwa katibu wake tangu 1841 hata 1872. Ni katika zama za ukatibu wake ndipo Mjerumani Johann Ludwig Krapf, mtumishi wa jumuiya hiyo, alipofika Unguja mwanzoni mwa 1844, akapewa barua ya ruhusa na Sultani Sayyid Said, akaenda kukaa Mombasa. Akamzika huko mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwaka uleule. Mmisionari mwenzake, Rebmann, akajiunga naye, wakajenga kituo Rabai mwaka 1846. Na akakusanya maneno ya lugha hii tunayozungumza sasa katika kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufa. Huyu Venn wa pili alishikilia rai ambayo wengi wa waliomfuata waliipuuza, nayo ni kwamba kanisa la wenyeji lisiwe tegemezi milele bali lijiendeshe, lijilipie na kujieneza lenyewe. Na akasimamia kutawazwa kwa Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana, mwaka 1864.

Liko jambo jingine la mwaka 1799 ambalo wasimulizi hulipita mbio, nami sitaki kulipita. Macaulay aliporudi kutoka Sierra Leone alileta pamoja naye vijana wa Kiafrika zaidi ya ishirini, wakafunguliwa skuli hapo Clapham wafundishwe elimu na ufundi, kwa nia kwamba watarejea kwao kuwa walimu na viongozi. Wakazi wakawazoea, baadhi yao wakabatizwa Holy Trinity mwaka 1805, na majina yao yapo katika daftari la parishi pamoja na majina ya watoto wa wenye mabenki. Lakini katika daftari la maziko wapo pia, kwa sababu baridi na maradhi ya nchi ile yaliwaua kadhaa, na skuli haikutimiza muongo mmoja. Waliowaleta walikuwa na nia njema, hilo sina shaka nalo. Ila waliwapenda kwa namna mtu anavyoupenda mradi wake, na wenye mradi hawakufikiri vya kutosha juu ya mapafu ya mtoto wa Afrika ya Magharibi katika mwezi wa Januari.

Mwandishi William Cobbett, adui mkali wa Wilberforce, alikuwa akimtukana kwamba anawalilia watu weusi walio mbali na huku mfanyakazi wa Kiingereza anakufa njaa mlangoni kwake. Shutuma hiyo haikumwangukia kasisi wa Clapham kwa uzito uleule. John Venn aliunda chama cha kuinua hali za maskini wa parishi yake mwenyewe, akawatuma wageni wenye huruma na daftari mkononi kuzizuru nyumba zao, wajue nani mgonjwa, nani hana kazi na nani mvivu; akahimiza chanjo ya ndui ilipokuwa ingali mpya na yenye kutiliwa shaka. Kwa masikio ya leo hizo ziara zina harufu ya upelelezi, na bila ya shaka maskini wa zama zile walijua ni nyuso gani za kumwonyesha mgeni wa namna hiyo. Lakini lau ningalikuwa mjane wa mwaka 1800 ningaliomba nianguke mikononi mwa parishi ile kuliko nyingi nyinginezo.

Msidhani kwamba uwanda ule ulikuwa wa sala na siasa tu. Katika miaka ya 1770 Benjamin Franklin, Mmarekani, alisimama kando ya bwawa la Clapham Common siku ya upepo, akamimina juu ya maji mafuta yasiyozidi kijiko cha chai, akaona mawimbi yakitulia polepole hata eneo la nusu ekari likawa laini mithili ya kioo. Na miaka ya 1797 na 1798, katika nyumba yake iliyokuwa kusini ya uwanda, bwana mmoja mwenye haya kupita kiasi, Henry Cavendish, aliyewaamuru watumishi wake kwa vikaratasi ili asizungumze nao, aliupima uzito wa dunia kwa mizani ya uzi na marisasi makubwa, akapata kwamba dunia ni nzito takriban mara tano na nusu kuliko maji ya ukubwa uleule. Hesabu ambayo wataalamu wa baadaye, kwa vyombo vyao vyote, wameisogeza kidogo tu. Sioni kwamba Cavendish alikuwa na haja yoyote na kasisi wake. Alihamia Clapham kwa sababu ileile ya wengine, kupata kimya.

Na kimya ndicho kilichoanza kuuzwa. Sensa ya mwaka 1801 iliwakuta watu wa parishi hawajatimia 4,000. Ya 1851 iliwakuta wamezidi 16,000. Na ya 1891 ilipita 40,000. Nyuma ya tarakimu hizo yupo kwanza Thomas Cubitt, mjenzi mkuu wa London ya zama zile, ambaye tangu 1825 alikodi ekari zipatazo 250 kusini-mashariki ya kijiji, akachora njia pana, akapanda miti, akajenga majumba makubwa yenye bustani, akapaita Clapham Park, na yeye mwenyewe akahamia huko, jambo ambalo si kila mjenzi hulithubutu kwa kazi yake. Wateja wake walikuwa wana na wajukuu wa watu wa aina ya Thornton, na kwa miaka thelathini au arobaini hesabu ile ya maili nne iliendelea kuwafaa.

Kisha ikaja reli. Nayo ilifanya jambo ambalo matajiri hawakulitaraji, yaani iliufuta umbali kwa ajili ya watu wasiokuwa na farasi. Karani aliyelipwa mshahara mdogo, ambaye babu yake alilazimika kulala karibu na kazi yake, sasa aliweza kupanga nyumba ndogo ya matofali Clapham na kurudi jioni kwa gari la moshi, baadaye kwa tramu, na kuanzia mwaka 1900 kwa reli ya umeme iliyopita chini ya ardhi mpaka Clapham Common. Stesheni kubwa kuliko zote za upande huo, iliyofunguliwa mwaka 1863, ilipewa jina la Clapham Junction. Na msikilizaji aliyekuwa nami tangu mwanzo atakuwa amekwisha kukisia kwamba haipo Clapham. Ipo Battersea. Wenye reli waliona kwamba jina la Clapham lina heshima ya kuuza tikiti, ambapo la Battersea wakati huo lilinuka viwanda, na mpaka wa parishi, uliochimbiwa mfereji na kupelekwa mahakamani, haukupewa hata nafasi ya kujitetea.

Kila mtaa mpya wa makarani ulipofika mwisho wa bustani ya tajiri, tajiri alipima umbali upya, akauza, akahamia mbele zaidi, Surrey ya ndani, kutafuta tena maili nne zake mahali pengine. Na iliponunuliwa bustani yake yakajengwa humo majumba mengine hamsini. Battersea Rise House, pamoja na ile maktaba ambamo mipango ya 1807 ilipikwa, ilivunjwa mwaka 1907, mwaka wa mia tangu sheria yenyewe, na juu ya viwanja vyake vikajengwa vijumba vya safu. Sijui kama palikuwa na mtu aliyeiona ajabu ya tarehe hiyo. Wavunjaji huwa na haraka zao.

Kwa upande wa kanisa, parishi moja haikuweza tena kubeba umati huo, na hivyo mama akaanza kuzaa. St Paul ilijengwa mwaka 1815 mahali pa kanisa lile la kale, St James mwaka 1829, St John mwaka 1842, Christ Church mwaka 1862, St Saviour mwaka 1864, na kila moja kwa wakati wake likakatiwa kipande chake cha parishi ya Venn. Wakatoliki nao, ambao katika siku za Thornton wasingalithubutu kuinua mnara mahali pale, walijenga kanisa la St Mary lililofunguliwa mwaka 1851 chini ya shirika la watawa la Waredemptoristi. Mambo ya kidunia yalitolewa mikononi mwa wazee wa kanisa moja baada ya jingine: maskini wakapelekwa kwenye muungano wa parishi kadhaa baada ya sheria mpya ya 1834, mifereji na njia kwenye bodi ya wilaya mwaka 1855, na jimbo lenyewe likabadilika, Clapham ikaacha kuwa ya Surrey mwaka 1889 ikawa ya London. Hata askofu alisogea: mpaka 1877 alikaa Winchester, maili sitini na kitu, kisha Rochester, kiasi cha nusu ya hizo, na tangu 1905 yuko Southwark, ambako mtu mwenye miguu mizima anaweza kwenda kumwona na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Kitu kimoja hakikujengwa, nacho ni uwanda. Ekari zake zipatazo 220 zilikuwa na thamani ya kumlevya mjenzi yeyote; lakini mwaka 1877 Bodi ya Kazi za London ilizinunua haki za mabwana wa ardhi, na uwanda ukawekwa kuwa wa umma. Haki ile ya kale ya kuchungia ng'ombe, ambayo wakati huo ilikuwa karibu haina ng'ombe, ndiyo iliyowapa watoto wa makarani mahali pa kuchezea mpira.

Kufikia mwanzo wa karne ya ishirini sifa ya Clapham ilikuwa imegeuka kabisa. Pale palipokuwa mfano wa utajiri na ucha Mungu pakawa mfano wa ukawaida. Jaji mmoja mkuu, katika hukumu ya mwaka 1903, alipotaka kueleza ni mtu gani ambaye sheria huwapima wengine kwake, yaani mtu wa akili za kadiri, asiye mjinga wala mwanachuoni, alimtaja mtu aliyepanda omnibasi la Clapham. Na mawakili wa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, zikiwamo zetu, wamelisoma basi hilo chuoni bila ya kuliona. Wilberforce, mtu wa gari lake mwenyewe, asingalimfahamu abiria huyo. Lakini naamini kwamba John Venn angalimfahamu, na angalimwuliza mara moja anasali wapi.

Vita vya pili vya dunia vilipiga makanisa kadhaa ya Clapham. St James liliangamia mwaka 1940, likajengwa upya baada ya vita, na Holy Trinity nalo lilijeruhiwa. Wakati wa vita hivyo Serikali ilichimba mahandaki marefu ya kina kirefu chini ya stesheni za reli ya chini ya ardhi, matatu kati yake Clapham, yenye vitanda vya maelfu ya watu. Amani ilipokuja vitanda vikabaki. Basi meli iitwayo Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury mwezi wa Juni mwaka 1948, ikiwa na abiria mamia kutoka Jamaica na visiwa vingine vya Karibi, na wengi wao wakawa hawana pa kwenda, zaidi ya mia mbili walipelekwa kulala katika handaki la Clapham South, kwenye pembe ya uwanda uleule. Ofisi ya kazi iliyokuwa jirani ilikuwa Coldharbour Lane, Brixton, kiasi cha maili moja au mbili; huko wakapata kazi, wakapanga vyumba katika majumba makubwa ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuyahama, na hivyo ndivyo Brixton na Clapham zilivyopata watu waliozipa sura zilizonazo tangu wakati huo.

Watu hao walikuwa wajukuu wa wale hasa ambao maktaba ya Thornton ilifanya kazi kwa ajili yao. Wengi walikuwa Waanglikana waliobatizwa, waliokuja na vitabu vyao vya sala na barua za makasisi wao, wakitazamia kwamba kanisa la nchi mama litakuwa kwao. Katika makanisa mengi ya London walipokewa kwa baridi. Wengine waliambiwa mlangoni, kwa adabu ya kukata, kwamba waumini wangefurahi zaidi wasipoona sura zao tena. Wakaondoka, wakaanzisha makanisa yao katika kumbi za kukodi, wakayajaza. Umbali ambao reli iliufuta kwa karani, na Bunge likaufuta kwa mtumwa, ulikuwa bado upo kati ya kiti na kiti. Waungwana wa Clapham waliweza kumpenda Mwafrika aliye maili elfu tatu, hata kumlipia nauli. Watoto wa imani yao katika mji uleule walishindwa kumsogezea mtu nafasi kwenye ubao wa kukalia.

Siku hizi matajiri wamerejea Clapham. Majumba yaliyogawanywa vyumba yameunganishwa tena, bei zake zimekuwa za kumfukuza karani na mjukuu wa mgeni wa 1948 kwa pamoja, na sababu ni ileile ya mwaka 1665, yaani kuwa karibu na kazi na mbele ya uwanda. Kanisa la Uingereza nalo, katika Sinodi yake Kuu ya mwezi wa Februari mwaka 2020, lilikubali kwa kura kuomba radhi kwa ubaguzi waliotendewa Waanglikana weusi tangu ilipofika Windrush. Miaka zaidi ya sabini ilikuwa imepita, na wengi wa wale waliogeuzwa mlangoni walikuwa wamekwisha kuzikwa, baadhi yao na makasisi wa makanisa yale waliyoyaanzisha wenyewe.